Theluji Nayo Ina Wenyewe

Jumapili ya leo nataka tuanzie safari yetu mahali ambapo pengine hukutarajia: ukingoni mwa Ziwa Magadi, mwezi wa Januari, jua likiwaka kana kwamba limetumwa. Ukitazama pale maji yanapolamba magadi utaona vijindege vya kijivu, ukubwa wa shomoro, miguu myeusi myembamba kama njiti za kiberiti, vikikimbia huku na huko na kudonoa matope bila kupumzika. Wajuzi wa ndege huwaita chokowe wadogo. Wengi wetu hatuwatupii jicho la pili, maana tumekuja kutazama heroe.

Kumbe kijindege kile ni mgeni wetu tu. Kwao hasa, anakotaga na kuangua, ni kwenye nyika za baridi ziitwazo tundra, kuanzia ncha ya kaskazini ya Norway hadi Siberia. Yuko na mwenzake mwingine, mdogo zaidi, mwenye uzito wa gramu 10 hivi, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari. Huyo huangua katika misitu ya kaskazini mwa Sweden na Finland, halafu kwao kukianza kuganda hushuka hadi Afrika Mashariki na Kusini. Utamkuta akirukaruka kwenye miti ya Nairobi akila wadudu, hana habari na mtu. Hawakati tiketi hawa, wala hawapangi foleni ya viza.

Mimi na wewe tukitaka kuwafuata hadi kwao, foleni tutapanga. Lakini hebu nikuchukue, angalau kwa kalamu, hadi nchi ya Wasami, ambayo wenyewe huiita Sápmi.

Sápmi haimo kwenye orodha ya mataifa. Imeenea juu ya nchi nne: Norway, Sweden, Finland na rasi ya Kola kule Urusi. Wasami walikuwa wakiwinda, wakivua na kufuga huko kabla mipaka hiyo haijachorwa, na ilipochorwa ilipita katikati yao, kama mpaka wa Namanga ulivyopita katikati ya Wamaasai. Hukadiriwa kuwa watu kati ya 80,000 na 100,000, zaidi ya nusu wakiwa Norway. Lugha zao zilizo hai ni tisa, na Msami wa lugha moja huenda asimwelewe wa lugha nyingine. Wala lugha hizo hazina udugu na Kinorwe au Kiswidi. Ndugu yao ni Kifini, tena ndugu wa mbali.

Swali la kwanza la msafiri ni lini aende, na hapo yafaa nikutayarishe. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumezoea jua kuwa mfanyakazi mwaminifu: saa kumi na mbili asubuhi linaingia kazini, saa kumi na mbili jioni linatoka. Kule halina kazi ya kudumu. Katika kijiji cha Inari, kaskazini mwa Finland, jua likizama mapema Desemba halichomozi tena hadi katikati ya Januari au karibu na hapo. Usidhani ni giza la kaburi lakini. Adhuhuri hutanda mwanga wa samawati, kama ule wa kwetu muda mfupi kabla ya mapambazuko, na theluji huuongeza. Kisha mwishoni mwa Mei mambo hugeuka, jua likakataa kabisa kuzama hadi mwishoni mwa Julai. Saa sita ya usiku utawaona watu wakipasua kuni.

Anayetaka kuona taa za kaskazini, yale mapazia ya kijani yanayochezacheza angani, aende kati ya Septemba na mwisho wa Machi, usiku usio na mawingu. Hutokea chembechembe kutoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu kabisa ya dunia, na ile rangi ya kijani hutokana na oksijeni. Hayo ni ya sayansi. Wazee wa Kisami nao walikuwa na yao: watoto walikatazwa kuipigia mluzi ile mianga. Nadhani msomaji wa Pwani, aliyekatazwa na nyanya yake kupiga mluzi usiku, amenielewa bila maelezo zaidi.

Anayetaka ndege na maua aende Juni au Julai. Ila ajue kwamba miezi hiyo ina mbu, na simaanishi mbu wawili watatu. Ni mawingu ya mbu kama wa Ahero baada ya mafuriko. Afueni ni kwamba hawana malaria.

Njia ya kufika? Siku hizi si ajabu kukuta familia ya Nairobi au Eldoret iliyo na kijana anayesoma Finland, na wengi wa wazazi hao hupanga kwenda kumtembelea, angalau siku ya kuhitimu. Basi ukishafika Helsinki na umekwisha kulipia viza (yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024), ni dhambi kurudi bila kupanda kaskazini. Liko treni linalolala njiani hadi Rovaniemi, na humo vyumba vya kulala vipo. Kutoka Rovaniemi unapanda basi, kilomita 330 hivi, hadi Inari. Mwenye haraka na mfuko mzito huruka kwa ndege hadi Ivalo, ambako ni mwendo mfupi tu wa gari kutoka Inari.

Na ni hapo Rovaniemi ambapo nataka tusimame kidogo, kwani ndipo wageni wengi hudanganyika.

Mji huu uko karibu kabisa na mstari wa Aktiki. Mwaka wa 1944 jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma liliuteketeza karibu wote, ukajengwa upya. Leo biashara yake kubwa ni Krismasi, kwani hapo ndipo wanapomweka yule mzee wa ndevu nyeupe na koti jekundu, mwaka mzima, na watoto hupanga mstari kumsalimia. Sina ubaya na mzee huyo. Watoto wafurahi. Lakini kando ya biashara hiyo utauziwa mengi kwa jina la utamaduni wa kaskazini. Utapandishwa sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, ikivutwa na kundi la mbwa. Utalazwa katika kibanda cha vioo chenye umbo la nyumba ya barafu. Ujue tu, msomaji, kwamba mbwa wale si mila ya Wasami. Waliletwa na utalii, na wafugaji wengi hulalamika kwamba mbwa hao huwatia mifugo wao kiwewe. Ile nyumba ya barafu nayo ni ya Wainuiti wa Greenland na Canada, ng'ambo ya bahari.

Mavazi ndiyo yaliyoleta uchungu mkubwa zaidi. Vazi la Wasami huitwa gákti. Ni la buluu, au jekundu, au jeusi kulingana na kwao mvaaji, lenye mistari ya rangi kifuani na kwenye pindo. Anayejua kulisoma akikuona umelivaa atatambua unatoka wilaya gani, na wakati mwingine ukoo gani na kama umeoa au umeolewa. Kwa miaka mingi hoteli na makampuni ya utalii ya Finland yaliwavisha wafanyakazi wasio Wasami mavazi ya kuiga, ya kitambaa duni, wakawasimamisha mlangoni kupokea wageni. Mwaka wa 2018 Bunge la Wasami la Finland lilitoa kanuni za utalii wa heshima, na miongoni mwa yaliyotajwa ni hilo la kuwaigiza Wasami kwa ajili ya pesa. Ukiona mtu amejipaka masizi usoni akikurukia ngoma ya kubahatisha eti yeye ni mganga wa Kisami, rudisha pochi mfukoni.

Nikisema hivyo sijitoi kwenye lawama. Ni nani kati yetu hajaona, kwenye hoteli fulani za Pwani, kijana ambaye hajawahi kufika Narok akiruka adumu kwa shuka jekundu kwa sababu mgeni kalipa kuona Mmaasai?

Sasa twende Inari. Kijiji chenyewe ni kidogo, watu mia kadhaa, kando ya ziwa lenye visiwa zaidi ya 3,000. Kimojawapo, kilichoinuka kama mgongo wa nyangumi, ni mahali patakatifu tangu zamani. Hapa kuna makumbusho ya Siida, yaliyoanza kama makumbusho ya nyumba za jadi mwaka wa 1959, na ukiwa na siku moja tu katika Sápmi nzima, itumie humo. Utaona jinsi mwaka wa Wasami ulivyogawanywa katika majira manane badala ya manne, kwa kufuata maisha ya mnyama wao. Karibu yake ni jumba la Sajos, lililofunguliwa mwaka wa 2012, ambamo Bunge la Wasami la Finland hukutana.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi kuhusu Inari hakimo makumbushoni. Ni shule ya chekechea. Lugha ya Wasami wa Inari ilikuwa imebaki na wasemaji wachache, wengi wao wazee. Watoto waliokuwa wakiijua walihesabika kwa vidole. Mwaka wa 1997 wenyewe wakaanzisha kile wanachokiita kiota cha lugha: wazazi wanamleta mtoto asubuhi, na mpaka anapochukuliwa hasikii neno lolote ila la Kisami cha Inari. Anapikiwa uji kwa lugha hiyo, anakemewa kwa lugha hiyo, anaimbiwa alale kwa lugha hiyo. Leo kuna vijana waliokulia humo ambao wanaisema, na redio huitangaza. Wasemaji bado ni mamia tu, lakini ni mamia yenye watoto ndani.

Ili uelewe kwa nini ilibidi wajitahidi hivyo, kumbuka kile kibao. Wale wenye umri wangu na zaidi waliosoma shule za mashambani hapa Kenya wanakijua: kibao au mfupa uliovishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, akitembea nacho mpaka amnase mwenzake. Watoto wa Kisami waliyapata yayo hayo, tena mbali na wazazi wao. Norway, tangu katikati ya karne ya 19 mpaka miaka ya 1960, ilikuwa na sera ya wazi ya kuwafanya wawe Wanorwe. Walipelekwa mabweni na kukatazwa lugha yao. Uimbaji wao wa joik makanisa yaliuita dhambi. Joik, kama hujawahi kuisikia, ni wimbo usio na maneno mengi, na Wasami husema hauimbi habari za mtu, unamwimba mtu mwenyewe. Mtoto akizaliwa anaweza kutungiwa wake. Mama mmoja wa Kisami, Mari Boine, aliipeleka sauti hiyo ulimwenguni kwa albamu yake Gula Gula ya mwaka wa 1989. Mfalme Harald aliwaomba Wasami radhi mwaka wa 1997, na bunge la Norway likaomba radhi rasmi Novemba 2024, baada ya tume ya ukweli kutoa ripoti yake mwaka wa 2023.

Haya, mnyama sasa. Tumwite kulungu wa theluji, maana jina la Kiswahili lililozoeleka sina. Ni wa jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, na ndiye wa pekee katika jamii hiyo ambaye jike naye huota pembe. Tena jike ndiye mwenye akili: dume huangusha zake baada ya majira ya kupandana, mwanzo wa kipupwe, lakini jike mwenye mimba hubaki nazo mpaka masika, akazitumia kuwafukuza madume kwenye shimo la chakula alilofukua thelujini. Macho yao nayo hubadilika rangi ndani kwa ndani, dhahabu wakati wa kiangazi, samawati wakati wa giza, ili yashike mwanga kidogo uliopo.

Si Wasami wote wanaofuga. Walio wengi ni walimu, wauguzi, wavuvi, madereva, kama watu wengine. Lakini ufugaji ndio uti wa mgongo wa utamaduni. Kule Norway, wakati wa masika makundi hutoka bara, Kautokeino na Karasjok, yakaelekea pwani yenye majani mabichi. Ndama huzaliwa mwezi wa Mei. Kila mwenye mifugo ana alama yake ya kukata masikio, iliyosajiliwa, na mfugaji hodari huweza kuitambua mnyama akiwa mbioni. Msomaji wa Kajiado au Marsabit hapa hana la kushangaa.

Liko swali moja ambalo kila mgeni huuliza, nami nakusihi usiliulize: una kulungu wangapi? Niliwahi kulikosea hilo papa hapa kwetu. Nilikuwa kwenye mnada wa ng'ombe wa Bissil, nikitafuta habari, nikamsalimia mzee mmoja vizuri tu, kisha nikamrushia swali, kalamu ikiwa tayari: "Mzee, una ng'ombe wangapi?" Mzee alinitazama, akatazama ng'ombe, akanitazama tena. "Wako, kijana wangu," akasema. Basi, ikaishia hapo. Kwa Wasami ni hivyo hivyo. Kumwuliza mfugaji idadi ya mifugo yake ni sawa na kumwuliza mtu usiyemjua ana shilingi ngapi benki. Uliza kuhusu theluji ya mwaka huu. Hapo mtakesha.

Mtakesha kwa sababu theluji ndiyo habari yenyewe. Kisami cha Kaskazini kina maneno zaidi ya mia ya theluji na barafu, na kila neno lina kazi. Guohtun, kwa mfano, ni hali ya malisho chini ya theluji, kama mnyama ataweza kuyafikia au la. Chakula cha kulungu wakati wa baridi ni laikeni, ule uoto wa kijivu unaofanana na sponji kavu, unaokua polepole mno ardhini. Theluji laini haina neno, mnyama huifukua kwa kwato. Balaa ni mvua. Zamani mvua ya katikati ya kipupwe ilikuwa nadra. Siku hizi Aktiki inapata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka wa 2022, na mvua hunyesha juu ya theluji, ikaganda, malisho yakafungiwa chini ya sakafu ya barafu. Mnyama anasikia harufu ya chakula na hawezi kukifikia. Mfugaji hana budi kununua lishe ya magunia au kutazama kundi likikonda. Mwaka mbaya wa namna hiyo huitwa goavvi. Sisi tuliopitia ukame wa kuanzia 2020, misimu mitano mfululizo ikikosa mvua, mizoga ikitapakaa njiani Wajir na Kajiado, tunalijua neno hilo kwa jina jingine.

Wala si hali ya hewa pekee. Mwaka wa 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka, sumu ilibebwa na upepo hadi Sweden na Norway, laikeni ikaifyonza, na maelfu ya kulungu wakachinjwa wakatupwa kwa kuwa nyama yao haikufaa kuliwa. Mlipuko wenyewe ulikuwa zaidi ya kilomita elfu moja na nusu kutoka pale.

Ukivuka mpaka kutoka Inari, mwendo wa kilomita 120 hivi, utafika Karasjok, Norway. Ni hapa Januari 1886 baridi ilifika digrii 51.4 chini ya sufuri, rekodi ambayo Norway haijaivunja. Bunge la Wasami wa Norway lina makao yake hapa, jengo la mbao lenye ukumbi uliosimama kama lavvu, hema lao la jadi. Uliza pia habari za ngoma ya Anders Poulsen. Alikuwa mzee wa Kisami aliyeshtakiwa kwa uchawi huko Vadsø mwaka wa 1692 kwa kosa la kupiga ngoma takatifu. Ngoma ikatwaliwa. Yeye mwenyewe aliuawa na mfungwa mwenzake kabla hukumu haijatolewa. Ngoma ilikwenda Copenhagen, ikakaa miaka zaidi ya 300 ikiwa mali ya Denmark, mpaka mwaka wa 2022 iliporudishwa rasmi mikononi mwa Wasami. Nikisoma habari hiyo niliwafikiria Wapokomo wa Mto Tana, ambao ngoma yao kuu, Ngadji, ilitwaliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ikaishia kwenye ghala la British Museum. Ya Wasami ilichukua karne tatu.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vya utalii huliruka. Vinaiita nchi hii nyika ya mwisho ya Ulaya, tupu, isiyoguswa. Unapotazama kilima cheupe hujaona mtu, ni rahisi kuamini. Ila kilima hicho kina jina, na kina familia inayojua ni mwezi gani mifugo yake itapita hapo. Serikali ya Norway ilipotaka kujenga bwawa la umeme kwenye mto wa Alta, Wasami waligoma kula mbele ya bunge mjini Oslo mwaka wa 1979, wakajifunga minyororo penye ujenzi. Bwawa lilijengwa, lakini aibu ile ndiyo iliyozaa Bunge la Wasami mwaka wa 1989, na mwaka wa 1990 Norway ikawa nchi ya kwanza kuridhia mkataba wa kimataifa wa haki za wenyeji wa asili. Finland na Sweden hazijauridhia. Kenya pia haijauridhia, na Waendorois waliofurushwa Ziwa Bogoria mwaka wa 1973 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama wangali wakisubiri uamuzi walioupata mwaka wa 2010 utekelezwe.

Mahakama za kule nazo zimeanza kusikia. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya Sweden iliamua kwamba jamii ya wafugaji ya Girjas ndiyo yenye haki ya kutoa vibali vya kuwinda ndege na wanyama wadogo na kuvua katika eneo lake. Oktoba 2021 ile ya Norway ikasema leseni za mitambo ya upepo ya Fosen zilikiuka haki za wafugaji wa Kisami. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama, ikaendelea kuzunguka, na mwaka wa 2023 vijana wa Kisami wakaenda kukaa ndani ya wizara mjini Oslo mpaka wakabebwa na polisi. Umeme safi, ndiyo. Ulipita malishoni mwa mtu.

Kwa wapenda wanyama, neno moja: dubu mweupe hayuko huku. Yeye yuko visiwa vya Svalbard, ambako hakuna Wasami. Huku wapo dubu wa kahawia, linksi, tai, na mnyama mmoja mkali wa ukoo wa nyegere wetu ambaye humvamia kulungu aliyemzidi uzito mara nyingi. Hulindwa na sheria, serikali humlipa mfugaji fidia, na ubishi kuhusu nani kala nini haumaliziki. Wakazi wa Kitengela wanaokesha wakisikiliza simba wangeweza kwenda kutoa ushahidi. Kwa ndege, endelea mashariki hadi Vardø, mji wa kisiwani unaofikiwa kwa njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa mwaka wa 1982. Kutoka bandarini mashua inakupeleka Hornøya, mwamba uliojaa maelfu ya ndege wa bahari, kelele na harufu yao zikikupokea kabla hujashuka. Hapa Varanger ndipo pia utakapowatafuta wale jamaa zetu wa Magadi kwenye tundra, mwezi wa Juni.

Mwenye ndugu Sweden anaweza kupanga vingine: treni la usiku kutoka Stockholm hadi Abisko, na kama ni Februari, ashuke njiani aende soko la Jokkmokk, ambalo limekuwapo tangu 1605. Huko hununuliwa kazi za mikono, visu vya mpini wa pembe, vikombe vya mbao. Tafuta alama ya Sámi Duodji, ndiyo inayoonyesha kwamba kimetengenezwa na Msami.

Na nguo? Usiende kununua madukani kule, utalia. Yale makoti mazito yanayotuchekesha yakifunguliwa kwenye mabelo ya Gikomba yalitoka huko huko, basi rudi nayo kwao. Ndani vaa sufu, sio pamba, kwani pamba ikishika jasho hukugandisha. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja ili soksi mbili zienee. Kahawa utaipata kila mlango, wakati mwingine ikiwa na vipande vya jibini ndani ya kikombe. Usikatae, kunywa kwanza. Nyama utakayopewa ni ya kulungu, iliyokatwa nyembamba na kukaangwa, pamoja na viazi vilivyopondwa na matunda madogo mekundu yenye uchachu. Kabla ya kuinua kamera, omba ruhusa. Ukiona kundi la kulungu mbele yako, simama, zima pikipiki ya theluji, uwaache wapite.

Chokowe wataanza kurudi Magadi kuanzia Agosti. Kama utakuwa na gari na nafasi Jumapili moja, wapeleke watoto wakawaone. Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutakuwa karibu na nyumbani zaidi. Hadi hapo, msomaji, kwaheri ya kuonana.